Nataka kumpeleka mume wangu Hong Kong, anasema mwanamume hapelekwi

BARUA

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam, na nina fremu ya nguo za watoto Kariakoo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Jiografia katika shule ya serikali. Ni mtu mtulivu, hajawahi kunipiga wala kunitukana, na jioni yeye ndiye anayekaa na watoto kwenye madaftari wakati mimi bado niko kwenye foleni ya daladala. Nasema haya mapema ili usije ukadhani nakuletea mashtaka ya mume mbaya.

Tulipooana mshahara wake ndio uliotulisha. Mimi nilikuwa nachukua mzigo kwa wauzaji wa jumla hapo hapo Kariakoo na kuuza rejareja. Baadaye nikaingia kwenye kundi la akina mama waliokuwa wakienda Guangzhou, nikajifunza machimbo, yaani mahali pa kupata bidhaa kwa bei ya chini, nikajua kununua, kufunga mzigo na kuchangia kontena. Mungu akajalia. Leo nyumba tunayokaa imeezekwa kwa hela ya dukani, na ada za watoto zinatoka dukani. Mshahara wake unalipa umeme, maji na mahitaji ya wazazi wake kijijini. Hatujawahi kukaa tukapanga hivyo, imetokea tu.

Watu wanadhani kwenda China ni kutembea. Tukiwa Guangzhou tunalala wanawake wanne chumba kimoja kule Xiaobei, asubuhi tunaingia soko la nguo la Baima, tunapanda na kushuka ngazi na mifuko begani, bei tunaandikiana na muuzaji kwenye kikokotoo kwa sababu lugha hatuelewani. Usiku tunahesabu mzigo sakafuni. Mwalimu namsimulia, anasikiliza, lakini najua haoni ninachokiona.

Safari moja ndege yangu ya kurudi ilipitia Hong Kong na ikabidi nilale pale. Jioni nikatoka hotelini nikatembea hadi ukingoni mwa bahari, mahali panaitwa Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon. Anti, ng'ambo ya maji kuna kisiwa kimejaa maghorofa tangu ukingo huu hadi ule, nyuma yake milima myeusi, na ilipofika saa mbili usiku taa za majengo zikaanza kucheza kwa muziki. Vivuko vinapishana, watu wa kila taifa wameegemea kingo wanapiga picha. Nimezaliwa karibu na bandari, lakini pale nilisahau hata miguu inauma. Nikawaza: mume wangu miaka yote hii anawachorea watoto wa watu ramani za bandari ubaoni, na hajawahi kuvuka mpaka wa nchi. Hata pasipoti hajawahi kuishika.

Tangu siku hiyo nikaanza kuweka akiba pembeni. Nikapanga: likizo ya Juni, siku nne Hong Kong, mimi na yeye tu, watoto wabaki kwa mama yangu. Desemba siwezi kuacha duka. Nikaandaa ratiba kwenye simu, hoteli, kila kitu. Jioni moja baada ya Isha, tuko mezani na watoto, nikamwambia. Watoto walishangilia. Yeye akanyamaza, akanawa mikono, kisha akasema taratibu: "Mwanamume hapelekwi kutembezwa na mkewe." Kesho yake akaongeza kwamba kama hela ipo, nimalizie ukuta wa nyumba.

Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini siku chache baadaye nikamsikia akiongea na kaka yake, simu iko sauti ya juu, na kaka yake akasema: "Siku hizi kwenu baba ni shemeji." Mume wangu akacheka. Kicheko kile kimenikaa moyoni. Na wifi yangu mmoja amewahi kusema mbele za watu kwamba wanawake wanaokwenda China wana mambo yao huko. Ndiyo maana nataka aje aone kwa macho yake maisha yangu ya kule, ajue sina siri.

Rafiki yangu wa dukani ananishauri nimwambie tiketi ni zawadi kutoka kwa wakala wa mizigo, ili asijisikie vibaya. Mdogo wangu anasema, kama hataki, twende mimi na yeye. Mimi mwenyewe kuna wakati nasema nikate tiketi zote mbili, siku ikifika atapanda. Wakala wa tiketi amenishikia bei hadi mwisho wa mwezi huu.

Nifanyeje, Anti?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ndani yake kuna mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja.

Nikikuelewa sawasawa, una uwezo wa kumpa mumeo siku nne za kuona jiji lililokugusa, ulifanya hivyo kwa mapenzi, na yeye amejibu kwa neno linalochoma. Sasa hujui amekataa nini: safari yenyewe, hela iliyoilipia, au wewe. Kisha kuna kicheko cha kwenye simu na maneno ya wifi, na juu ya yote wakala anahesabu siku. Mtu yeyote angechanganyikiwa.

Niruhusu nianze na sentensi yako moja. Unasema unataka aje aone maisha yako ya kule. Lakini "kule" ulikonieleza ni Guangzhou. Ni Xiaobei, ni ngazi za Baima, ni wanawake wanne chumba kimoja na mzigo sakafuni. Hong Kong umeipitia usiku mmoja, na uliipenda kwa sababu usiku ule hukuwa na mzigo wowote wa kuhesabu. Hizi ni safari mbili tofauti, na sidhani kama umeshajiuliza unataka ipi. Moja inasema: mume wangu, njoo uone ninavyohangaika, unithamini, na ukiulizwa na ndugu zako uwe na la kujibu. Nyingine inasema: njoo tupumzike mahali ambapo mimi si mfanyabiashara na wewe si mwalimu. Zote ni halali. Ila ukimpa ya pili huku moyoni ukidai matokeo ya ya kwanza, atarudi Dar amependeza kwenye picha, na wewe utakuwa bado una kiu ileile.

Ukitaka aone kazi yako, lazima aingie China bara, na huko anahitaji viza. Hong Kong ni sehemu ya China lakini ina mpaka wake na uhamiaji wake. Kwa utaratibu uliopo Mtanzania anaruhusiwa kuingia Hong Kong kwa matembezi ya hadi siku 90 bila viza, ingawa ni vizuri kuthibitisha kabla ya kukata tiketi, na ofisa wa mpakani bado ana haki ya kumuuliza tiketi ya kurudi, hoteli na fedha. Unayoijua wewe ni viza ya China, na hapo uwe makini: ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umeshatoka China bara. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha, huwezi kurudi kumalizia mzigo. Kwa umbali ni karibu mno, treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini hadi West Kowloon inachukua kama saa moja, na ndiyo maana watu husahau kwamba wamevuka mpaka. Kwa hiyo mnaweza kufanya vyote viwili, siku moja au mbili sokoni kisha Hong Kong, au yeye atue Hong Kong moja kwa moja mkutane huko ukimaliza kununua. Hii ya mwisho ingekupunguzia gharama. Lakini ingempandisha peke yake ndege ya kwanza maishani mwake, abadilishe Addis Ababa au Doha, apite uhamiaji peke yake, halafu apokelewe na mkewe kama mgeni. Wapo wanaume ambao hilo lingewapa fahari. Wako unamjua wewe.

Sasa neno lenyewe, "hapelekwi". Wewe umelisikia kama kiburi, na huenda kiburi kimo. Mimi nasikia na jambo jingine. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege ana mengi ya kuogopa, na ni vigumu sana kuyasema mbele ya watoto wake, hasa kama ndiye anayewafundisha ramani ya dunia. Ulimwambia mezani, watoto wapo, ratiba imekamilika, hoteli imechaguliwa. Kwako ilikuwa furaha uliyoibeba kwa muda mrefu. Kwake inawezekana ilifika kama jambo lililokwisha kuamuliwa, lililobaki ni yeye kushukuru. Wala sisemi ulikosea. Nasema hakupewa mahali pa kusema "naogopa" au "ningependa tuanzie pengine", akalishika neno lililokuwa karibu, neno ambalo wanaume wamelikuta limeshatengenezwa.

Kuhusu kicheko, nakuomba usikihukumu upesi. Mtu hucheka na kaka yake kwa sababu nyingi: kukubali, kuumia, au kutaka tu mazungumzo yaishe. Wewe ulisikia kicheko. Hukusikia alichokuwa nacho kifuani. Unaweza kumuuliza, na ukimuuliza usiufanye utetezi wako uwe mbele. Mwambie tu kwamba ulisikia na uliumia, kisha nyamaza umpe nafasi. Na la wifi usiliunganishe na safari hii. Mtu anayeamini kwamba una mambo yako China hataacha kuamini kwa sababu ulimchukua mumeo siku nne. Swali la maana ni kama mumeo mwenyewe anaamini hivyo, na barua yako haina hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba anaamini. Kama ana imani na wewe, utamsafirisha kwenda kuthibitisha nini?

Nimesita pia kwenye ukuta. Wewe umeupita haraka kama kisingizio. Labda ni kisingizio. Lakini pia inawezekana kwamba ukuta ndio jambo pekee katika matumizi ya hela za nyumba hiyo ambalo amelitamka kwa sauti. Umeniambia hamjawahi kukaa mkapanga nani analipa nini, imetokea tu. Basi kwa miaka kadhaa mume huyu ameona paa likipanda na ada zikilipwa bila kuulizwa, kwa wema mtupu, na sasa anaulizwa kwa mara ya kwanza kuhusu anasa. Kabla ya Hong Kong, ningependa mkae siku moja na daftari, mapato yote mezani, mshahara na duka, na kila mmoja aseme anataka nini kwanza. Kuna hatari hapo pia, sikufichi. Ukilifungua daftari, tofauti ya vipato itaonekana kwa tarakimu, na hilo linaweza kumkaza zaidi. Na anaweza kuchagua ukuta. Ukimuuliza mtu kwa dhati, ni lazima uwe tayari kwa jibu lake.

Nije kwenye njia ulizozitaja. Uongo wa zawadi ya wakala naona una huruma ndani yake, rafiki yako anakupenda. Lakini fikiria yatakayofuata: mumeo ataringia zawadi hiyo kwa kaka yake, watoto watasimulia, na wakala huyohuyo siku moja atapiga simu mbele yake. Mwanamke anayetaka mumewe ajue hana siri ataanza safari akiwa na siri. Kumkatia tiketi kwa nguvu ni jambo jingine. Anaweza kupanda, naam, wengi hupanda. Ila vyumba vya hoteli Hong Kong ni vidogo mno, kitanda kinagusa kuta karibu zote, na bei yake ni kubwa. Watu wawili walionuniana hawana pa kwenda kununia. Na siku nne ni chache kiasi kwamba ugomvi wa siku moja ni robo ya safari.

Kwenda na mdogo wako ni haki yako kabisa. Umefanya kazi, umetamani kurudi mahali, na hakuna sheria inayosema furaha yako lazima isubiri ridhaa ya mtu. Jiulize tu utakapokuwa umesimama pale ukingoni saa mbili usiku utakuwa unaziangalia taa au utakuwa unamthibitishia mtu aliyeko Dar kwamba hukumhitaji. Kama ni la kwanza, nenda kwa amani, na umwambie mumeo mapema, mkiwa wawili, bila kumkomoa. Kama ni la pili, naogopa safari itakuwa ghali kuliko nauli yake.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja. Mwache yeye apange. Wewe umeona taa. Yeye ana elimu ya kuiona Hong Kong iliyo nyuma ya taa. Kina cha maji kati ya rasi ya Kowloon na kisiwa, na milima inayokinga upepo, ndivyo vilivyowafanya Waingereza waing'ang'anie bandari ile. Kisiwa wakakitwaa rasmi kwa mkataba wa mwaka 1842 baada ya Vita vya Afyuni, na Hong Kong nzima ikarudi kwa China tarehe 1 Julai 1997. Sehemu kubwa ya maghorofa uliyoyaona yamesimama juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, kiasi kwamba bandari yenyewe imekuwa nyembamba kuliko ilivyoumbwa. Hata uwanja wa ndege wa Chek Lap Kok, uliofunguliwa mwaka 1998, umejengwa kwa kusawazisha visiwa na kujaza bahari. Zaidi ya watu milioni saba wanabanana kwenye sehemu ndogo ya nchi kavu, na karibu asilimia 40 ya eneo ni hifadhi za misitu na milima. Mwalimu wa Jiografia akipewa mji huo na daftari tupu, je, bado atajihisi anatembezwa? Sijui. Lakini kumuuliza "mwalimu, ungekuwa wewe ungeanzia wapi?" si sawa na kumwonyesha ratiba iliyokamilika.

Na kuna jambo linaloelemea upande wake. Guangzhou wewe ndiye mwenyeji. Hong Kong, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kichina, vibao vya barabarani na vituo vya treni vimeandikwa kwa lugha zote mbili. Mwanamume anayefundisha kwa Kiingereza kila siku ataweza kusoma njia, kuuliza, kuagiza chakula. Huenda wewe ndiye utakayemfuata. Mkifika tu, kila mmoja anunue kadi yake ya Octopus, ile inayolipia treni, basi, kivuko na hata maji dukani. Aishike yake, aweke fedha yeye, agonge yeye mlangoni. Ukimlipia kila nauli kwa mkono wako, utakuwa umelirudisha neno lake la mezani mara kumi kwa siku. Dola moja ya Marekani ni kama dola 7.8 za kule, kwa hiyo hata hesabu ni rahisi.

Akikubali, msijaze siku. Kivuko cha Star Ferry, kinachofanya kazi tangu mwaka 1888, kinavuka kwa dakika chache tu kwa nauli ndogo, na mwanga wa jioni ukiwa mzuri mnaweza kwenda na kurudi bila sababu nyingine yoyote. Upande wa kisiwani kuna tramu nyembamba za ghorofa mbili; usafiri wa tramu ulianza huko mwaka 1904. Mkikaa juu, mbele, mtaona maduka ya samaki wakavu, dawa za asili, ofisi za mabenki na nguo zilizoanikwa madirishani, yote katika safari moja ya polepole. Victoria Peak ina mita 552, na wengi hupanda kwa treni ya kamba, ingawa basi nalo linafika kwa bei ndogo zaidi. Kisiwani Lantau kuna sanamu kubwa ya Buddha, ngazi 268, na gari la kamba linalopita juu ya bahari na milima kwa takriban dakika 25. Kama mumeo anaogopa urefu, lipo basi. Swala isikupe wasiwasi: msikiti mkubwa wa Kowloon uko kwenye barabara ya Nathan, hatua chache kutoka mahali ulipozionea taa, na Wan Chai kuna msikiti wenye mgahawa wa halali ghorofani, unaouza dimsam, vile vitafunwa vidogo vya Kichina. Mkitaka kusikia Kiswahili, jengo la Chungking Mansions liko kwenye barabara hiyohiyo ya Nathan. Humo wafanyabiashara wa Afrika, Pakistan na India wamekuwa wakinunua simu na kulala kwenye vyumba vya bei nafuu kwa miaka mingi. Lakini hapo ndipo ninapokuonya wewe: masoko ya Sham Shui Po na Mong Kok yatakuita kwa jina. Siku ukianza kulinganisha bei za jumla, yeye atakuwa anakubebea mifuko.

Kalenda nayo inawakorofisha. Juni ni joto kali, unyevu na mvua kubwa, na msimu wa tufani umeshaanza. Wakipandisha tahadhari namba 8, vivuko na mabasi mengi husimama na maduka hufunga. Mnaweza pia kulipa mkapanda Peak mkakuta ukungu mtupu. Desemba ni baridi nzuri, anga kavu, shule zimefungwa, lakini ndiyo mwezi wako wa kuuza. Oktoba na Novemba hali ya hewa ni njema, ila maonyesho ya biashara ya Guangzhou hupandisha bei za vyumba, na shule zinaendelea. Hakuna mwezi usio na gharama kwa mmoja wenu. Nani atoe, wewe siku za duka au yeye siku za jua? Hilo pia mlizungumze wawili, maana uliamua Juni peke yako.

Jambo moja la usalama nalisema kwa uzito. Ikijulikana mtaani kwamba mwalimu anakwenda Hong Kong, watakuja watu na vifurushi: mpelekee mwanangu unga, mpelekee shemeji dawa. Asibebe chochote ambacho hakukifunga mwenyewe. Kwa dawa za kulevya sheria ya kule inafika kifungo cha maisha, na wapo Watanzania waliofungwa huko. Mtu mgeni wa safari, mpole na mwenye heshima kama mumeo, ndiye wanayemtafuta.

Sitakwambia nenda au usiende. Naona mwanamke aliyeona kitu kizuri na mtu wa kwanza aliyemkumbuka ni mumewe, na ningependa hilo mumeo alisikie jinsi ulivyoniandikia mimi, ukumbi ukiwa mtupu, watoto wamelala. Sidhani kama amewahi kuambiwa. Ameambiwa ratiba.

Kuhusu wakala: mumeo hana pasipoti, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane na la kwenye pasipoti. Tena kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, aulize kwa mwajiri wake utaratibu wa kibali cha kusafiri nje. Hayo mawili hayaelekei kukamilika kabla ya mwisho wa mwezi huu hata mkianza kesho. Kwa hiyo tarehe aliyokupa wakala haiwahusu. Mwache auze nafasi hizo kwa wengine. Bei ikipanda mtaongeza, au mtangoja. Na kama mwalimu akisema anaanza kushughulikia pasipoti, hata bila kusema anakwenda wapi, mwache aende Uhamiaji mwenyewe.

Niandikie tena mkishazungumza, hata kama mmechagua ukuta.

Anti